Wauguzi wanaripoti kisha wanapotea, mimi wa dawati la ajira nifanyeje?

"Shikamoo. Mimi ni afisa utumishi, nimehamishiwa ofisi ya mkoa hapa Dodoma na nimepewa dawati la watumishi wa afya. Kabla ya hapo nilikuwa halmashauri nashughulika na likizo na mafaili tu. Sasa kila kikao naulizwa mimi, wauguzi wako wapi, kwa nini zahanati fulani ina mtu mmoja. Awamu iliyopita tulipangiwa watu, wengine hawakuripoti kabisa, wengine wamekaa mwezi wakapotea, wengine washaanza kuulizia uhamisho. Nyumbani ndo usiseme, wajomba, majirani, hadi mzee wa kanisa, wote wananitumia vyeti vya watoto wao wasapu wakijua mimi ndo naajiri. Mmoja kasema ana laki tano ya chai. Silali vizuri. Nakosea wapi? Nifanyeje watu waje na wakae?"

Marahaba mdogo wangu, na pole. Nimekaa kwenye kiti kama hicho miaka mingi, huku huku kanda ya kati, kwa hiyo barua yako nimeisoma huku natabasamu kidogo na huku tumbo linanikaza, maana lile swali la "wauguzi wako wapi" bado nalisikia masikioni hadi leo. Umeandika kama una tatizo moja ila ukweli yako matatu yamechanganyikana: watu hawatoshi, wanaokuja hawakai, na ukoo mzima unaamini una ajira kwenye droo ya meza. Kila moja lina dawa yake, na usipoyatenganisha utakuwa unakimbizana na yote na hushiki hata moja.

Kwanza kabisa, wewe huajiri. Najua unajua, ila naona umeanza kusahau kwa sababu kila mtu anakuongelesha kama vile unaajiri. Muuguzi wa zahanati huko Chemba au Bahi mwajiri wake ni mkurugenzi wa halmashauri. Wa hospitali ya rufaa ya mkoa, ile ambayo watu wa hapa tunaiita Jeneroo, yuko chini ya Wizara ya Afya tangu hospitali hizo zilipohamishiwa huko kutoka TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kibali cha kuajiri kinatoka UTUMISHI, yaani ofisi ya Rais inayosimamia watumishi wa umma, hela ya mshahara inatoka Hazina, usaili unafanywa na Sekretarieti ya Ajira. Ofisi yako ya mkoa inasimamia, inashauri, inafuatilia, inakusanya taarifa. Sasa shida ya Dodoma ni kwamba hizo ofisi zote ziko hapa hapa, Mtumba kwenye mji wa serikali si mbali, kwa hiyo mtu anaona ni suala la wewe kupanda gari asubuhi ukaongea na mtu jioni ukarudi na wauguzi kumi. Mwenzio wa Kigoma akisema "hilo liko Dodoma" anaeleweka, wewe ukisema hivyo unaonekana mvivu.

Ila usije ukachukua hayo niliyosema ukayafanya ngao kikaoni. Katikati ya mnyororo huna nguvu, ni kweli, lakini mwanzoni na mwishoni unayo, tena nyingi kuliko unavyofikiri: pale watu wanapoombwa na pale wanapopokelewa. Nimeona mikoa inapata watu wachache kwa sababu iliomba vibaya, na nimeona wengine wanapata watu wa kutosha wanawapoteza ndani ya siku tisini. Kote huko hamna mtu wa kumlaumu Mtumba.

Tuanze na kuomba. Kila halmashauri kila mwaka inaandaa ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, na makadirio ya mishahara, ile tunayoita PE. Kazi inaanza miezi ya mwisho wa mwaka, Novemba huko mpaka Januari, kisha inapanda juu, Bunge linaanza bajeti Aprili, mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Nafasi ambayo haikuwekwa kwenye makadirio Januari huwezi kuililia Septemba, haina hela. Sasa nenda kafukue ikama za mwaka jana za halmashauri zako uone zilivyojazwa. Utakuta nyingi zimenakiliwa kutoka mwaka juzi, wamebadilisha mwaka tu. Mwongozo wa ikama ya afya wa 2014 ulisema zahanati iwe na watumishi 15 kwa uchache, kituo cha afya 39, basi afisa anakaa chini anachukua 15 anaondoa waliopo, anapata upungufu, anazidisha kwa idadi ya zahanati, anapeleka. Kwenye karatasi upungufu unatisha, na kwa sababu kila halmashauri nchini inatisha vile vile, anayegawa hana namna ya kujua nani anaumia zaidi.

Kinachosikika ni mzigo wa kazi. Chukua zahanati mbili, zote zina watu watatu. Moja iko kando ya lami, mgonjwa akizidiwa anapanda basi anakwenda hospitali. Nyingine iko ndani kabisa, mvua zikinyesha korongo linajaa, wajawazito wa vijiji vinne wanajifungulia pale pale. Kwa hesabu ile ya 15 hizo zahanati ni pacha, ukifungua vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia wagonjwa na huduma, unaona dunia mbili. Hesabu za namna hiyo ndo msingi wa ile WISN ambayo wenzetu wa afya wanaitaja kila mara, yaani unaangalia kazi iliyopo na muda inaochukua, ndipo unasema wanahitajika wangapi. Huhitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Kaa na katibu wa afya wa mkoa (na kama bado hujawa rafiki yake fanya hivyo wiki hii, hao ndo utumishi wa upande wa afya, wanajua vituo kwa majina), mchukue idadi ya waliojifungua na waliohudumiwa kwa kila kituo, mpange vituo kuanzia kinachoumia zaidi mpaka kisichoumia. Orodha ya ukurasa mmoja. Siku ukiulizwa kikaoni wauguzi wako wapi, unaweka hiyo orodha mezani na swali linageuka, inakuwa tunaanza na kipi.

Halafu kuna ajira mbadala, hapa watu wanapoteza nafasi kizembe mno. Mtumishi amestaafu, amefariki, ameacha kazi, nafasi yake inaweza kuombewa kibali cha kujazwa, na hela yake ilishakuwepo kwenye bajeti. Ila hujazi kiti ambacho kwenye mfumo bado kina mtu. Kama muuguzi wako alipotea Machi na hadi leo anasoma kama yupo kazini, kwanza hupati mbadala, pili kama mshahara bado unaingia hiyo ni kesi, na wewe umo. Sisi tuliokuwepo 2016 kwenye operesheni ya watumishi hewa tuliona maafisa utumishi wanavyotolewa jasho kwa majina waliyochelewa kuyafuta. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akikupigia kusema fulani hajaonekana usimwambie tumsubiri kidogo, mwambie aandike. Akifika siku tano bila ruhusa wala taarifa huo ni utoro kwa kanuni za utumishi, mshahara unasimamishwa na mwajiri anaanza taratibu za nidhamu kama zilivyoandikwa. Sisemi uwe mkatili, labda mtu kalazwa mahali au kafiwa, ndo maana taratibu zinampa nafasi ya kujieleza. Nasema kalenda ianze kuhesabu.

Sasa mapokezi, hapa nitakaa sana maana ndo penye siri yote.

Miaka ile nikiwa halmashauri moja ya huku kati tulipangiwa muuguzi, binti wa miaka ishirini na kitu kutoka kanda ya ziwa, ndo ajira yake ya kwanza. Alishuka stendi saa mbili usiku na begi moja na ndoo. Kesho yake alikaa kwenye benchi nje ya ofisi mpaka saa nane kwa sababu mimi nilikuwa kwenye kikao na hamna mtu mwingine aliyejua anatakiwa kusaini nini. Nikampa barua, nikamwambia posho ya kujikimu tutaangalia, nikamtafutia bodaboda. Kule kijijini mtendaji hakuwa na taarifa, nyumba ya mtumishi ilikuwa imejaa magunia ya alizeti ya mtu, akalala chumba cha kujifungulia. Usiku wa pili akazalisha peke yake kwa tochi ya simu. Siku ya nne aliondoka, na mimi kwenye ripoti niliandika "hakuwa na wito". Niliamini kabisa nilichoandika. Imenichukua miaka kukubali kwamba yule binti alikuwa na wito kutuzidi sote, sisi ndo hatukuwa na ndoo ya maji ya kumpa.

Toka hapo nilibadilisha ninavyofanya kazi. Orodha ya waliopangwa ikitoka, simu zinapigwa siku hiyo hiyo. Mtu anaambiwa wilaya iko wapi, apande gari gani, mtandao gani wa simu unashika kule kijijini, maji yanapatikana wapi, achukue nini. Usimdanganye. Ukimwambia ni mjini mjini tu halafu akakuta vumbi la Kwamtoro, umempoteza hata kabla hajashusha begi. Ukimwambia ukweli baadhi watasema hawaji, na hiyo ni faida, maana unaandika barua mapema kwamba nafasi iko wazi ili apangwe mwingine aliyefaulu usaili na yumo kwenye kanzidata, kuliko kusubiri mpaka muda wa kuripoti uishe ndo mnaanza kutafutana. Na usiwachukie wasioripoti. Mtu ameomba kila sehemu, hospitali ya binafsi ya Dar au shirika fulani limemuwahi, wewe ungefanya nini?

Siku ya kuripoti vitu vyote viwe meza moja: barua, mkataba, kiapo, fomu ya uchunguzi wa afya, fomu za mfuko wa pensheni (PSSSF) na bima ya afya (NHIF), namba ya NIDA, akaunti ya benki. Kisha uhakiki wa vyeti halisi na leseni ya baraza lake, na hapo usione aibu hata kama mtu ameletwa na mkubwa. Aprili 2017 pale UDOM ilisomwa taarifa ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na vituo vingi vya afya viliamka kesho yake havina watu. Pengo lile liliachwa na watu waliopokelewa na maafisa kama mimi na wewe bila kukagua vizuri.

Baada ya vyeti ni kasi ya kumuingiza kwenye mfumo wa mishahara. Kila mwezi kuna tarehe ya kufunga, ukiikosa kwa siku moja mtu anakaa mwezi mzima bila kitu, na mgeni asiye na ndugu wilaya nzima akikaa miezi miwili bila mshahara anaanza kukopa kwa mwenye duka, kisha anaona aibu kupita mbele ya duka, kisha anapanda basi. Wengi wa wale unaoandika "wametoroka" walianzia dukani. Kuhusu posho ya kujikimu na nauli hizo ni haki yake na hela inatakiwa itengwe kabla hajafika, kwa hiyo mbane mkurugenzi na mweka hazina mapema kwa maandishi, nakala kwa katibu tawala wa mkoa. Hapo ndo cheo chako cha mkoa kinafanya kazi. Huwezi kulipa wewe, ila unaweza kuuliza kwa barua, na barua ya mkoa inajibiwa.

Kijijini piga simu mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji, nyumba ifagiliwe, atafutwe mama mmoja wa kumpokea. Bibi wa Kigogo akishamletea mgeni mlenda na ugali wa uwele jioni ya kwanza, hata kama mgeni mwenyewe hajui kuula, ameshapata mtu wa kumlilia. Mimi hicho kitu nakiamini kuliko semina elekezi, nisamehe wenye semina zenu. Semina nayo ifanyike, ila isiwe miezi sita baadaye wakati nusu yao walishaondoka.

Kwenye uhamisho nakuomba usiwe adui. Afisa wengi dawa yao ni kukalia barua, nakala ipotee, mtu azungushwe hadi achoke. Hachoki, anaacha kazi au anakaa pale akiwa ameshahama moyoni, na sa hivi maombi yanapita kwenye mfumo kwa hiyo hata hiyo mbinu ya kupoteza barua imezeeka. Mwenye sababu ya kweli, kufuata mwenza au ugonjwa, msaidie apate wa kubadilishana naye, kituo kisibaki tupu. Asiye na sababu zaidi ya kupachoka mwambie utaratibu ulivyo na umwambie ukweli kwamba huwezi kumuombea. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hii ishu ya watumishi wa vijijini mwaka 2010 na likauboresha 2021, na mojawapo ya waliyoyasema ni kwamba aliyekulia kijijini ana nafasi kubwa zaidi ya kukaa kijijini. Kwenye ajira za kitaifa huwezi kuchagua nani katokea wapi wala usijaribu. Ila kwenye ajira za mkataba za mapato ya ndani unaweza kuhakikisha tangazo linabandikwa mpaka ofisi ya kata na kwenye zahanati zenyewe badala ya kubaki ubao wa makao makuu tu, yeyote aombe, usaili uwe wa haki, na utashangaa mabinti na vijana wa hapo hapo waliosoma uuguzi na wako nyumbani wanachunga mbuzi.

Wakati unasubiri kibali unayo mambo ya kufanya. La kwanza ni msawazo, yaani kuwagawa upya watumishi waliopo, nalo linauma. Karibu kila wilaya ina kituo karibu na makao makuu kimejaa watu, wake wa wakubwa na wenye vimemo, huku pembeni hamna mtu. Ile orodha yako ya mzigo wa kazi itawaonyesha wazi. Wewe pendekeza kwa maandishi, mwenye mamlaka ahamishe, na mhamishwaji alipwe stahiki zake, la sivyo umezalisha deni na chuki kwa mpigo. Mikataba ya mapato ya ndani inasaidia lakini kituo chenye wagonjwa wachache kina mapato kidogo, kwa hiyo inasaidia zaidi wale wenye nafuu. Wapo pia wadau, Mkapa Foundation kwa mfano wamekuwa wakiweka watumishi wa mkataba kwenye maeneo yenye uhaba, ni vizuri, ila mradi una mwisho wake, kwa hiyo anza kuombea ikama nafasi hizo hizo mradi ukiwa bado mbichi. Na wanaojitolea, hapa nina msimamo: mtu ajitolee kwa barua, kwa muda unaojulikana, kwa nauli na chakula angalau, na aambiwe tangu mwanzo kwamba kujitolea siyo ahadi ya ajira. Kijana anazalisha usiku miaka miwili kwa kuambiwa "vumilia, zikitoka tutakukumbuka", na anayemwambia hivyo anajua kabisa hana uwezo wa kumkumbuka. Usiwe huyo.

Haya, wajomba. Tafuta sentensi moja uitumie kwa wote, mjomba, jirani, mzee wa kanisa: "Mimi siajiri, nafasi zikitoka zinatangazwa kwenye mfumo wa ajira bure, ila mwambie aje nimsaidie kuangalia kama maombi yake yamekaa sawa." Na kweli msaidie, maana vijana wengi wanaachwa kwa vitu vidogo, cheti hakijathibitishwa na mwanasheria, jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la kidato cha nne, leseni imeisha muda. Msaada wa namna hiyo ni halali, na ukoo utakuheshimu ingawa mwanzoni watanuna. Vile vyeti vilivyojaa kwenye simu yako vifute, usivipeleke kwenye grupu lolote hata kwa nia njema, tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2022.

Wa laki tano ni habari nyingine. Usicheke naye, usimjibu "tutaongea" ili yaishe. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 inamkamata anayetoa na anayepokea, na neno chai halijawahi kumuokoa mtu. Mjibu kwa meseji, kwa heshima, kwamba hupokei na asirudie, meseji usiifute. Akirudia, au akitokea bosi yeyote anakushinikiza uingize jina, au anataka kitu kutoka kwa binti anayetafuta kazi, nenda TAKUKURU mwenyewe kwa miguu yako, au piga 113. Kuna na matapeli wanaotumia majina ya maafisa kukusanya hela za watu, ukisikia jina lako linatajwa mtaani wahi polisi na umwandikie mkuu wako siku hiyo hiyo, usisubiri kuona litaishia wapi.

Kuna mambo mengine mimi kwa maandishi siwezi kukumalizia. Kama kuna mtumishi aliyepotea na mshahara uliendelea kuingia, kaa ana kwa ana na mwanasheria wa sekretarieti ya mkoa pamoja na mkuu wa sehemu yako ya utawala kabla hujaandika barua yoyote, kila jalada lina yake. Na kuhusu kulala, kama imezidi wiki kadhaa, au umeanza kuogopa hata simu kuita, nenda hospitali uongee na mtaalamu. Najua mtu wa Dodoma ukimwambia hivyo anawaza Mirembe tu, ile hospitali ya magonjwa ya akili, na watu watasemaje, lakini hata pale Jeneroo wapo wa kuongea nao, na Mirembe wenyewe wanaona watu wengi tu wanaotoka kliniki wakarudi ofisini saa tano.

Kwa wiki hii fanya mawili tu. Tafuta ile orodha ya waliopotea awamu iliyopita, mpigie kila mmoja kwa namba aliyoacha kwenye faili, muulize bila ukali nini kilimuondoa, andika anachosema kwa maneno yake. Halafu nenda kwenye hizo zahanati mbili tatu walizoondoka, ulale huko usiku mmoja, uone maji yanatoka wapi. Ukirudi niandikie walichokwambia, hasa wale ambao hawatapokea simu mara ya kwanza.